Kennedy: Rais aliyeficha maumivu nyuma ya tabasamu

Mwezi Mei mwaka 1961, Rais John Fitzgerald Kennedy wa Marekani alikuwa ziarani Ottawa, mji mkuu wa Kanada, alipoombwa kupanda mti wa kumbukumbu katika bustani ya makao ya Gavana Mkuu wa nchi hiyo. Alishika sepetu, akainama na kuanza kuchota udongo huku wapigapicha wakishindana kumnasa.

Ni katika kuinama huko ambapo mgongo wake, uliokuwa umepasuliwa mara kadhaa, uliumia tena. Aliimaliza shughuli hiyo kana kwamba hakuna lililotokea. Aliporejea Washington, alilazimika kutembea kwa magongo mbali na macho ya umma, na wiki chache baadaye hata umma ukamwona nayo.

Ikulu ilieleza kuwa Rais alijitonesha mgongo alipokuwa akipanda mti. Maelezo hayo yalikuwa ya kweli, lakini yalikuwa sehemu ndogo tu ya ukweli. Kiongozi huyo ambaye dunia nzima ilimtazama kama kielelezo cha ujana na siha njema, alikuwa ameishi na maradhi tangu utotoni, na hapakuwa na siku nyingi maishani mwake ambazo hakuumwa mahali fulani mwilini.

Aliumwa tumbo na mgongo. Tezi zake zilizo juu ya figo zilikuwa zimekufa ganzi, hazitoi tena homoni ambazo mwili hauwezi kuishi bila hizo. Alisumbuliwa pia na njia ya mkojo na tezi ya kibofu, na mifupa yake ilikuwa imedhoofika. Tiba ya ugonjwa mmoja iliweza kuchochea mwingine, na mara nyingi daktari wa huku hakujua aliyoyatenda daktari wa kule.

Undani wa habari hizi ulifichuka mwaka 2002, pale mwanahistoria Robert Dallek aliporuhusiwa kusoma majalada ya matibabu ya Kennedy ya kuanzia mwaka 1955 hadi 1963, yaliyohifadhiwa katika maktaba yenye jina la kiongozi huyo mjini Boston. Hata waliodhani wanamfahamu walipigwa na butwaa.

MTOTO WA KITANDANI

Kennedy alizaliwa mnamo Mei 29, 1917 huko Brookline, jimbo la Massachusetts, akiwa mtoto wa pili kati ya tisa wa mfanyabiashara tajiri Joseph Kennedy na mkewe Rose. Kabla ya kutimiza miaka mitatu, alipatwa na homa kali ya vipele vyekundu, akalazwa hospitalini kwa wiki nyingi huku wazazi wake wakihofia kumpoteza.

Alipona, lakini afya haikumkalia vyema. Katika shule ya bweni ya Choate alijulikana zaidi kwa kulala katika chumba cha wagonjwa kuliko kwa kuongoza darasani. Uzani wake haukuongezeka ipasavyo, na tumbo lilimsokota mara kwa mara.

Mnamo 1934, akiwa na miaka 17, alipelekwa katika hospitali maarufu ya Mayo, jimbo la Minnesota. Madaktari walimpima kwa kila njia waliyoijua, wakahitimisha kuwa shida ilikuwa uvimbe wa utumbo mpana. Mwaka uliofuata alijiunga na Chuo Kikuu cha Princeton, lakini maradhi yakamfukuza kabla ya mwaka wa kwanza kumalizika.

Kijana mwingine huenda angejikunja na kuikubali hali hiyo. Yeye alihamia Harvard mnamo 1936, akaogelea na kucheza kandanda ya Kimarekani licha ya umbo lake jembamba. Inaaminika kuwa ni katika michezo hiyo ambapo mgongo wake uliumia kwa mara ya kwanza, na tangu hapo maumivu ya mgongo yakaungana na yale ya tumbo.

Katika familia ya Kennedy, kulalamika kulihesabiwa kuwa udhaifu. Baba mtu aliwalea wanawe washindane na kushinda, na machozi hayakuwa na nafasi mezani pake. Mtoto aliyekuwa mgonjwa kuliko wote akajifunza mapema kugeuza maumivu yake kuwa mzaha, au kuyanyamazia kabisa.

MGONGO MBOVU VITANI

Vita vya Pili vya Dunia vilipopamba moto, Kennedy alitaka kwenda vitani kama vijana wa rika lake. Mwaka 1941 jeshi la nchi kavu lilimkataa kwa sababu ya mgongo. Baba yake, aliyekuwa amewahi kuwa balozi wa Marekani nchini Uingereza, alitumia marafiki wake, na mwaka huo huo Jeshi la Majini likampokea kwa kufumbia macho kasoro zake.

Hivyo ndivyo mtu ambaye hakustahili hata kuvaa sare alivyojikuta katika visiwa vya Solomon, Bahari ya Pasifiki, akiongoza boti ndogo ya kivita iliyoitwa PT-109. Boti za aina hiyo zilirukaruka juu ya mawimbi kwa kasi kubwa, na kila kishindo kilimfikia mgongoni.

Usiku wa kuamkia Agosti 2, 1943, manowari ya Japani iliyoitwa Amagiri iliigonga boti hiyo na kuikata vipande viwili. Kati ya mabaharia 13 waliokuwemo, wawili walikufa. Kennedy alimburura mwenzake aliyeungua vibaya kwa kuuma kwa meno mkanda wa jaketi lake la kuokolea, akaogelea naye kwa takriban saa nne hadi kisiwani.

Waliokolewa siku kadhaa baadaye, baada ya wenyeji wawili wa visiwa hivyo, Biuku Gasa na Eroni Kumana, kupeleka ujumbe ambao Kennedy alikuwa ameuchora kwenye kifuu cha nazi. Alirejea nyumbani shujaa mwenye nishani. Alirejea pia na mgongo ulioharibika zaidi.

Juni 1944 alipasuliwa mgongo kwa mara ya kwanza mjini Boston. Upasuaji huo haukumfaa. Mwezi Agosti mwaka huo kaka yake mkubwa, Joseph, aliuawa ndege yake ilipolipuka angani nchini Uingereza. Matumaini ya kisiasa ya familia, ambayo yalikuwa mabegani mwa marehemu, yalihamishiwa kwa mgonjwa.

SIRI YA LONDON

Mnamo 1946 Kennedy aliwania kiti katika Bunge la Wawakilishi kupitia chama cha Democratic. Alipanda ngazi za nyumba za wafanyakazi wa Boston, ghorofa baada ya ghorofa, akisalimiana na wapigakura huku kila hatua ikimuuma. Siku moja kabla ya uteuzi wa chama, alitembea katika gwaride refu mtaani Charlestown chini ya jua kali, na mwishowe akaanguka. Alishinda uteuzi, na kisha kiti.

Mwaka uliofuata, akiwa ziarani Ulaya, aliugua ghafla mjini London. Shinikizo la damu lilishuka na nguvu zikamwishia. Daktari wa Kiingereza aliyemwona alitambua kitu ambacho madaktari wa Marekani hawakuwa wamekibainisha: ugonjwa wa Addison.

Maradhi haya yamepewa jina la daktari Mwingereza Thomas Addison, aliyeyaeleza kwa kina mnamo 1855. Tezi zilizo juu ya figo hushindwa kutoa homoni zinazouwezesha mwili kustahimili ugonjwa, jeraha au msukosuko wowote. Mgonjwa hukonda, huishiwa nguvu, na ngozi yake huweza kugeuka rangi ikawa kama ya mtu aliyekaa juani. Asipotibiwa, homa ya kawaida tu yaweza kumuua.

Daktari huyo hakumpa hata mwaka mmoja wa kuishi. Katika safari ya kurejea nyumbani kwa meli ya Queen Mary, kasisi aliitwa kumpa mpako wa wagonjwa. Alikuwa na miaka 30 tu.

Familia ilitangaza kuwa mbunge huyo kijana alikuwa amerudiwa na malaria aliyoipata vitani. Ugonjwa wa askari aliyepigania nchi yake ulikuwa na heshima. Ugonjwa wa tezi ungezua maswali.

Kilichomwokoa ni wakati aliozaliwa. Sayansi ya homoni ilikuwa imeanza kuzaa matunda, na vidonge vya homoni vilizikwa chini ya ngozi ya mapaja yake, kisha vikibadilishwa kila baada ya miezi kadhaa. Baadaye ikapatikana dawa ya kotisoni, ambayo watafiti wake walitunukiwa Tuzo ya Nobel mnamo 1950. Inasemekana kuwa baba yake aliweka akiba ya dawa hizo katika masanduku ya benki sehemu mbalimbali za dunia ili mwanawe asije akakosa popote aendapo.

Lakini kotisoni ni upanga wenye makali kuwili. Ikitumiwa kwa muda mrefu hudhoofisha mifupa. Wapo wanaofikiri kuwa dawa zilizomweka Kennedy hai ndizo pia zilizouharibu mgongo wake. Picha za eksirei alizozikagua Dallek akisaidiwa na daktari zilionyesha pingili za uti wa mgongo zilizoporomoka.

KISU CHA DAKTARI

Kennedy aliingia katika Seneti baada ya uchaguzi wa 1952, na Septemba 1953 akamwoa Jacqueline Bouvier. Mwaka mmoja tu baada ya harusi, hakuweza kutembea bila magongo.

Madaktari wa Boston walikataa kumpasua tena. Walihofia kuwa mtu mwenye ugonjwa wa Addison hangestahimili kishindo cha upasuaji mkubwa. Kundi jingine la madaktari mjini New York lilikubali kujaribu. Kennedy alielezwa hatari iliyokuwepo, naye akachagua kisu badala ya kuishi kwenye magongo maisha yake yote.

Alipasuliwa Oktoba 21, 1954, akatiwa bamba la chuma mgongoni. Siku chache baadaye maambukizi yalimshambulia, akapoteza fahamu, na kasisi akaitwa kwa mara nyingine. Aliponea chupuchupu. Februari 1955 ilibidi arudishwe chumba cha upasuaji ili bamba hilo liondolewe, kwani kidonda kilikuwa kimetunga usaha na hakikutaka kufunga.

Kwa wiki nyingi alilala kifudifudi au ubavu katika nyumba ya wazazi wake huko Palm Beach, jimbo la Florida, mkewe akijifunza kumsafisha kidonda hicho. Ni katika kipindi hicho alipoanza kazi ya kitabu Profiles in Courage, kuhusu maseneta waliosimama imara pale walipotakiwa kupinda, akisaidiwa kwa kiasi kikubwa na msaidizi wake, Ted Sorensen. Kitabu hicho kilishinda Tuzo ya Pulitzer mwaka 1957.

Mwaka huo wa 1955 jarida moja la madaktari wa upasuaji lilichapisha makala kuhusu mwanamume wa miaka 37 mwenye ugonjwa wa Addison aliyefanyiwa upasuaji mkubwa wa mgongo akaishi. Jina halikutajwa. Siri ya mwanasiasa mashuhuri ilikuwa imelala waziwazi kwenye rafu za maktaba, isionwe na mtu.

SINDANO NA KITI CHA KUBEMBEA

Baada ya kisu kushindwa, Kennedy alimwendea Dkt Janet Travell, mtaalamu wa maumivu ya misuli mjini New York. Huyu alikuwa na mtazamo tofauti. Aliamini kuwa sehemu kubwa ya maumivu ilitokana na vifundo vilivyojikaza ndani ya misuli, na kwamba vikichomwa sindano yenye dawa ya ganzi ya prokaini, vingelegea.

Dkt Travell alimpima pia kwa makini kuliko waliomtangulia, akagundua kuwa mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi kuliko wa kulia. Akaagiza kisigino cha kiatu kimoja kiinuliwe. Akamshauri pia aketi kwenye kiti cha kubembea, kwa kuwa mwendo wake mdogo huizuia misuli ya mgongo isikakamae. Kiti hicho kilikuja kuwa maarufu duniani, na wengi walidhani ni kipenda roho cha Rais. Kumbe kilikuwa dawa.

Sindano zilimpa Kennedy ahueni ambayo hakuwa ameionja kwa miaka mingi. Hata hivyo, majalada yanaonyesha kuwa kati ya Mei 1955 na Oktoba 1957 alilazwa hospitalini mara tisa, na umma haukufahamishwa ukubwa wa maradhi yake.

Alipotangaza nia ya kuwania urais mwaka 1960, wapinzani wake chamani waliipata harufu. Mwezi Julai, wafuasi wa Lyndon Johnson walitangaza hadharani kuwa Kennedy ana ugonjwa wa Addison. Kambi yake ilikanusha kwa maneno yaliyopimwa: kwamba hakuwa na ugonjwa huo kwa maana yake ya asili, ule unaotokana na kifua kikuu cha tezi. Kilichosemwa kingeweza kutetewa. Kilichofichwa ndicho kilichokuwa muhimu.

Ni mwezi huo huo, baada ya kuteuliwa kupeperusha bendera ya chama, ambapo Kennedy alitembelewa nyumbani kwake Hyannis Port na Mkenya aliyekuwa na umri wa miaka 29, Tom Mboya. Mboya alikuwa akitafuta fedha za nauli ya ndege ili wanafunzi wa Afrika Mashariki waende kusoma Marekani. Wakfu wa familia ya Kennedy ulitoa dola 100,000. Miongoni mwa walionufaika na safari za mwaka huo ni Wangari Maathai, aliyekuja kutunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004. Kwa sababu hiyo jina la Kennedy lina uzito wa pekee nchini Kenya, ingawa wengi wanaolitaja hawajui mtu aliyewapokea wageni wake alikuwa katika hali gani ya mwili.

Septemba 26, 1960, Kennedy na mpinzani wake Richard Nixon walikabiliana katika mdahalo wa kwanza wa wagombea urais kuonyeshwa kwenye televisheni. Nixon, aliyekuwa ametoka kuugua goti, alionekana amesawajika na kutokwa jasho. Kennedy aling'aa. Watazamaji waliona mgonjwa na mzima, na wakakosea ni nani alikuwa yupi.

Kennedy alishinda kwa tofauti ya chini ya kura 120,000 kati ya takriban milioni 69 zilizopigwa. Siku mbili baada ya uchaguzi aliwaambia wanahabari kuwa hajawahi kuugua ugonjwa wa Addison. Ni vigumu kusema matokeo yangekuwaje wapigakura wangalijua ukweli, lakini kwa pengo finyu kama hilo, kila neno lilikuwa na bei yake.

MADAKTARI WENGI, MGONJWA MMOJA

Ndani ya Ikulu, Kennedy alizungukwa na matabibu. Dkt Travell, mwanamke wa kwanza kuwa daktari wa Rais wa Marekani, alimdunga prokaini. Dkt Eugene Cohen alisimamia tezi zake. Dkt George Burkley, afisa wa Jeshi la Majini, alimwangalia kila siku. Walikuwepo pia wa tumbo na wa njia ya mkojo.

Orodha ya dawa zilizopatikana katika majalada inatisha. Zipo homoni za kuziba pengo la tezi, dawa za kutuliza tumbo, dawa za kuua viini, dawa za usingizi, na dawa kali za maumivu zikiwemo kodeini na methadoni. Nyingine zilikuwepo kwa sababu ya madhara ya zile za kwanza.

Juu ya hao wote akaja Dkt Max Jacobson wa New York, aliyependwa na watu mashuhuri kwa sindano zake zilizomfanya mtu ajihisi ana nguvu za ajabu. Ndani ya sindano hizo mlikuwa na amfetamini, dawa ya kusisimua mwili ambayo humtawala mtu taratibu. Jacobson aliandamana na msafara wa Rais barani Ulaya mnamo Juni 1961, Kennedy alipokutana na kiongozi wa Muungano wa Kisovieti, Nikita Khrushchev, jijini Vienna, huku mgongo ulioumia Ottawa ukiwa haujapoa.

Kennedy mwenyewe alikiri baadaye kuwa alizidiwa nguvu katika mazungumzo hayo. Haiwezekani kuthibitisha kuwa sindano au maumivu ndiyo yaliyosababisha. Lakini kwamba mtu mwenye mamlaka juu ya silaha za nyuklia alikuwa akidungwa dawa ambazo madaktari wake rasmi hawakuzisimamia, ni jambo linaloshtua hata leo. Dkt Cohen alimwonya kuhusu tabibu huyo. Mwaka 1975 Jacobson alipokonywa leseni ya udaktari.

Wakati huo sindano za prokaini nazo zilikuwa zikiongezeka badala ya kupungua. Ganzi ilikuwa ikiisha, maumivu yakirudi, na sindano nyingine ikihitajika. Burkley na Cohen waliona kuwa njia hiyo ingemfikisha Rais pabaya.

Mnamo Oktoba 1961 walimwita Dkt Hans Kraus, mzaliwa wa Trieste aliyekulia Austria na mpanda milima hodari, ambaye kazi yake ilikuwa kutibu mgongo kwa mazoezi. Kraus alikuta misuli ya Kennedy imelegea huku na kukakamaa kule, baada ya miaka mingi ya kubanwa na mshipi mgumu na kupoozwa kwa ganzi. Shauri lake lilikuwa la wazi: sindano zikome, na mazoezi yaanze.

Yalikuwa mazoezi ya kawaida mno. Kunyoosha miguu, kukaza na kulegeza tumbo, kuinama kidogo kidogo, mara kadhaa kwa wiki, pamoja na kuogelea katika kidimbwi chenye maji moto cha Ikulu. Hayakuwa na miujiza ya papo kwa hapo. Yalidai uvumilivu, na yalimdai mgonjwa mwenyewe afanye kazi badala ya kungoja kufanyiwa.

Katika muda wa miezi kadhaa, Kennedy alianza kunyooka. Aliweza tena kucheza gofu na kuwainua wanawe wadogo, Caroline na John, jambo ambalo wazazi wengi hulifanya bila kulifikiria. Katika siku 13 za mzozo wa makombora ya Cuba mnamo Oktoba 1962, dunia ilipokuwa ukingoni mwa vita vya nyuklia, aliongoza kwa utulivu uliowashangaza hata majenerali waliokuwa wakimhimiza ashambulie. Dallek, baada ya kulinganisha majalada ya dawa na kanda za mikutano ya Ikulu, hakuona dalili kuwa maradhi yalimpotosha katika maamuzi hayo.

MSHIPI WA DALLAS

Mwaka 1963 ulikuja na furaha na msiba. Agosti 7 mkewe alijifungua mtoto njiti, Patrick, aliyefariki siku mbili baadaye. Mwezi huo huo Kennedy aliumia msuli wa kinena, na akarudia kujifunga mshipi wake mgumu kiunoni, pamoja na bandeji pana iliyozungushwa mapajani.

Ndivyo alivyokuwa amefungwa mnamo Novemba 22, 1963, alipopita mjini Dallas, jimbo la Texas, katika gari lililo wazi. Risasi ilimpata sehemu ya juu ya mgongo na kutokea shingoni, lakini hakuanguka. Mwaka 2017 madaktari wawili waliochunguza historia ya mgongo wake walieleza kuwa huenda mshipi ule ulimshikilia wima, akabaki shabaha ya risasi iliyofuata, iliyompiga kichwani. Haya hayatathibitika kamwe. Alikuwa na umri wa miaka 46.

Siku 20 baadaye, Desemba 12, Kenya ilipata uhuru.

Baada ya kifo chake, siri iliendelea kulindwa kwa miaka mingi. Mnamo 2009 daktari mmoja wa Jeshi la Majini alipendekeza kuwa maradhi kadhaa ya Kennedy yalikuwa na shina moja: kinga ya mwili iliyogeuka na kuzishambulia tezi zake mwenyewe. Ikiwa ni kweli, basi magonjwa yaliyokuwa yakitibiwa na madaktari tofauti katika vyumba tofauti, kila mmoja akificha au kufichwa jambo, huenda baadhi yake yalikuwa matawi ya mti mmoja.

Hapo ndipo maisha ya Rais huyu yanapokutana na ya mtu yeyote anayezunguka na bahasha za eksirei kutoka kliniki moja hadi nyingine, tumbo likitibiwa huku, mgongo kule, na usingizi kwingineko. Kennedy alikuwa na fedha, jina, na madaktari bora wa taifa tajiri kuliko yote duniani. Hata hivyo ahueni yake kubwa zaidi ya mgongo haikutokana na kisu wala sindano. Ilipatikana pale madaktari wachache walipoketi pamoja, wakamtazama mgonjwa mzima, na kumwambia ukweli ambao hakutaka kuusikia.

Ustahimilivu wake hauna budi kuheshimiwa. Lakini usiri wake ulikuwa na gharama. Kwa kuwa alilazimika kuonekana mzima, hakuweza kutafuta tiba waziwazi, na mwanya huo ndio uliowaruhusu watu kama Jacobson kuingia kwa mlango wa nyuma wakiwa na mikoba yao. Nao wananchi waliompa kura walinyimwa nafasi ya kuamua kama wanamtaka hivyo alivyokuwa. Pengine wangemtaka bado.

Mshipi aliouvaa siku ile umehifadhiwa hadi leo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa la Marekani, pamoja na vielelezo vingine vya mauaji yake. Waliompungia mikono barabarani Dallas waliona suti nadhifu na tabasamu. Hawakuuona mshipi.